Nyenje kwenye diaba: kufuga na kula, kwa anayeanza Tanga

Swali ninaloulizwa kuliko yote si "wanapikwaje?" bali "mbona wangu wamekufa wote?" Mtu kakamata nyenje ishirini chini ya taa, kawatia kwenye beseni, kawarushia mchicha, wiki ya pili anakuta mizoga imelowa. Anaamua kwamba pwani haifai. Pwani inafaa sana. Joto tunalo karibu mwaka mzima, vumbi la makumbi linapatikana popote panapofuliwa nazi, na trei za mayai hutupwa na wauza chipsi kila siku. Wanaokufa, mara nyingi wanakufa kwa maji yaliyozidi au kwa dawa ya kuua wadudu ambayo mwenyewe hakujua kama ipo. Hayo mawili ukiyashika, mengine utajifunza kadiri unavyofuga.

Mimi nafuga hapahapa Tanga mjini, Makorora, kwenye kibanda cha uani. Ninayoyaandika ndiyo niyafanyayo.

Majina kwanza, maana yanachanganywa

Nyenje ni yule anayelia usiku nyuma ya kabati. Chenene ni ndugu yake mwenye mikono ya kuchimbia, anaishi ardhini na kula mizizi, huyo mwache. Senene ni wale wa Bukoba, wa kijani au kahawia, wanaoruka kwa makundi nyakati za mvua na kukamatwa kwa taa. Wengi wananiuliza kama watafuga senene. Kwa sasa kumzalisha nyumbani ni kazi ngumu hata kwa watafiti, usianzie hapo. Kumbikumbi nao ni zawadi ya mvua: weka taa na beseni la maji, okota, kaanga, basi. Hawafugwi kwenye diaba.

Anayefugika ni nyenje. Ripoti ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2013 inataja zaidi ya aina 1,900 za wadudu wanaoliwa duniani, na inasema Thailand peke yake ilikuwa na wafugaji wa nyenje wapatao 20,000. Walianza mwaka 1998, tena na vyombo vya kawaida tu. Nyenje mkavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kilo 1 ya nyenje hai huhitaji kilo 2 hivi za chakula.

Kabla hujanunua hata diaba

Mambo mawili yazungumzwe nyumbani mapema.

La kwanza ni la dini. Hadithi mashuhuri inataja mizoga miwili iliyohalalishwa, samaki na nzige. Nyenje hakutajwa. Wanazuoni wa Kishafii, ambao ndio wanaofuatwa na wengi huku pwani, hawamhesabu pamoja na nzige. Wamaliki wana nafasi zaidi. Mimi si mtu wa kutoa fatwa. Muulize shehe wako, na usimpe mgeni chakula chenye unga wa nyenje bila kumwambia. Hilo ni deni kubwa. Kama kwako hawaliwi, bado wafuge: kuku wanawagombania, samaki wa bwawa pia, na protini itakufikia kupitia yai. Jirani yangu mmoja anafanya hivyo tangu mwaka juzi na hajawahi kuonja hata mguu.

La pili ni mzio. Mtu anayevimba midomo au kuwashwa mwili akila kamba, kaa au uduvi, asile nyenje. Protini inayomdhuru kwenye kamba ipo pia kwa nyenje. Kuipika hakuiondoi.

Vitu vya kuwa navyo

- Diaba la plastiki refu, lita 80 hadi 100, lenye kuta laini. Lisiwe limewahi kubeba dawa au mafuta ya taa.
- Wavu wa chuma wa dirishani, kipande cha kufunika mdomo wote.
- Selotepu pana, ile ya kufungia maboksi.
- Trei za mayai za karatasi, kama kumi. Za plastiki hazifai.
- Vibakuli viwili vifupi vya kutagia, kina cha sentimeta 5 hivi.
- Vumbi la makumbi ya nazi, au mchanga safi wa mtoni. Usichukue wa baharini, una chumvi.
- Kifuniko cha chupa, pamba au sponji mpya, na kokoto ndogo.
- Chakula cha vifaranga kisichotiwa dawa, au pumba iliyochanganywa na unga wa dagaa.
- Makopo manne ya kuwekea miguu ya meza.

Hatua ya 1: Mahali

Pawe na kivuli, hewa ipite, mvua isifike. Nyenje hupenda joto la nyuzi 28 hadi 32. Kwa Tanga mjini, Pangani na Muheza ya chini hilo halikupi shida, isipokuwa miezi ya Juni hadi Agosti ambapo wanakua polepole. Usiogope, subiri tu. Aliyeko Lushoto itabidi atafute chumba chenye joto.

Diaba likae juu ya meza, kila mguu ndani ya kopo lenye maji na mafuta kidogo juu yake. Sisimizi wakiingia usiku mmoja, asubuhi huna kitu. Nimewaona wakibeba tunutu, yaani watoto wa nyenje, mmojammoja, mstari ulionyooka kutoka kwenye diaba hadi ufa wa ukuta. Kagua makopo kila siku mbili, maana maji hukauka, na jani moja likiangukia pale linakuwa daraja.

Hatua ya 2: Kuandaa diaba

Osha kwa maji na sabuni, suuza sana, anika. Zungushia selotepu kwa ndani, juu, upana wa kiganja. Nyenje huteleza hapo. Panga trei za mayai zikiwa zimesimama wima, zikiachana kidogo, ili kinyesi kidondoke chini. Ukizilaza, kinyesi kinajaa kwenye vishimo na unyevu unaanzia hapo.

Onyo: usifunike kwa chandarua. Nilifanya hivyo mwanzo, kwa chandarua cha zamani nilichodhani kimeisha nguvu. Asubuhi ya pili nilikuta nyenje wamelala chali, miguu ya nyuma ikichezacheza, na kufikia jioni hakuna aliyebaki. Vyandarua tunavyogawiwa vina dawa ndani ya uzi, na kuvifua hakuimalizi. Vivyo hivyo dawa ya mbu ya kuchoma au ya kupuliza: isitumike kwenye chumba hicho, wala chumba kinachopakana nacho. Waambie na watoto, waambie na mgeni anayelala hapo.

Hatua ya 3: Kupata mbegu

Ukipata mfugaji, nunua kwake. Usipopata, kamata mwenyewe. Nenda usiku baada ya mvua, chini ya taa za barabarani au penye majani makavu na mawe. Unayemtafuta ni nyenje wa shambani: mweusi tii, mnene, urefu wa sentimeta 2 na nusu hivi, na pale mabawa yanapoanzia ana madoa mawili ya manjano, moja kila bega. Hata kwa tochi ya simu unayaona.

Jike utamjua kwa sindano ndefu nyuma, katikati ya vimikia viwili. Dume hana sindano, ndiye anayelia. Anza na majike 30 na madume 10. Madume wakizidi ni kupigana na kung'oana miguu.

Watenge wiki mbili kwenye ndoo peke yao. Anayezubaa au kufa kwa tumbo lililojaa mnyoo mrefu kama uzi, mtoe. Na hawa uliowaokota nje usiwale. Hujui walikula nini kwenye bustani ya nani. Wanaoliwa ni watoto wao, waliozaliwa kwako.

Hatua ya 4: Chakula

Weka chakula kikavu kwenye kisosi, kidogokidogo, kinachoisha kwa siku mbili. Mara tatu kwa wiki ongeza kibichi: matembele, kipande cha boga, ganda la papai, karoti. Kitoe kabla hakijaoza. Kwa joto letu ni siku moja tu.

Mboga ya sokoni iogope. Mchicha unaopendeza, usio na tundu hata moja, pengine umepuliziwa dawa jana. Wewe utauosha na kuupika na hutajua. Nyenje wako watakufa wote. Mimi natumia matembele niliyopanda mwenyewe kando ya bomba. Ukinunua sokoni Mgandini, jaribishia nyenje watano kwenye kopo kwa siku moja kabla hujawapa wote. Na ukienda duka la pembejeo, sema wazi unataka chakula cha vifaranga kisicho na dawa ya kuhara damu.

Hatua ya 5: Maji

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo soma polepole.

Nyenje lazima anywe kila siku, lakini tone moja la maji linatosha kumzamisha tunutu. Usiweke maji wazi hata kidogo. Kwa wadogo, lowesha pamba, ikamue, iweke kwenye kifuniko cha chupa. Kwa wakubwa, jaza kisosi kokoto na maji yasizifikie juu. Wao wasimame kwenye jiwe na kunywa pembeni. Pamba ibadilishwe kila siku mbili, maana hugeuka utelezi wa kijani.

Chini ya diaba pawe pakavu daima. Ukitia mkono ukahisi unyevu, au ukifungua ukapata harufu ya mkojo, umechelewa tayari: hamisha, safisha, kausha. Huku kwetu hewa yenyewe ina maji, hasa wakati wa masika, kwa hiyo usiwanyunyizie kama unavyoona wafugaji wa bara wakifanya. Nilipoteza kizazi kizima mwezi wa Aprili kwa kunyunyizia asubuhi na jioni, nikidhani nawapoza. Trei ziliota ukungu mweupe na tunutu wakanatia humo.

Hatua ya 6: Mayai

Wakubwa wakishapata mabawa kamili, hutaga baada ya wiki moja hivi. Utajua kwa sauti: madume wanalia usiku kucha.

Lowesha vumbi la makumbi, lifinyange mkononi. Likishikana bila kudondosha tone, limefaa. Likidondosha, ongeza kavu. Jaza kibakuli karibu na mdomo, funika juu kwa kipande cha wavu wa chuma, ingiza kwenye diaba. Majike watapitisha sindano kwenye matundu ya wavu. Wavu unazuia wenzao wasifukue na kula mayai, na watakula kweli usipoweka.

Acha siku mbili, usizidishe nne. Kitoe, fukua kidogo pembeni kwa kijiti. Yai la nyenje ni kama punje ya mchele iliyokonda, rangi ya maji ya ndimu. Ukiona mawili matatu, mengine mamia yamo. Weka kibakuli ndani ya ndoo safi yenye kipande cha trei, funika, andika tarehe kwa kalamu juu ya kifuniko. Tarehe ni muhimu. Bila hiyo utamwaga mayai mazima ukidhani yameharibika.

Kwa joto letu yanaanguliwa kati ya siku 8 na 14. Kila siku gusa vumbi kwa kidole: likianza kukauka, ongeza maji kwa kijiko, pembeni.

Hatua ya 7: Tunutu

Wakitoka ni wadogo kuliko sisimizi mweusi, na wanaruka. Wape chakula kilichosagwa laini kama unga wa sembe, na pamba iliyokamuliwa. Usiwashike. Wiki mbili za kwanza ndizo za vifo, na kufa wachache ni kawaida.

Siku moja utamwona mmoja mweupe pee kama nazi iliyokunwa, macho tu ndiyo meusi, na kando yake ngozi tupu yenye umbo lake. Watu wananipigia simu wakidhani ni ugonjwa. Amejivua ngozi. Hufanya hivyo mara nane au zaidi hadi apate mabawa, na baada ya saa chache rangi inarudi. Wakati huo ni laini, wenzake wenye njaa humla. Ndiyo maana trei ziwe nyingi, maficho yatoshe, na chakula chenye protini kisikosekane.

Wakifika ukubwa wa punje ya mpunga, wahamishie diabani.

Hatua ya 8: Kuvuna

Kati ya wiki ya 6 na ya 8 tangu kuanguliwa watakuwa na mabawa. Waache watage kwanza, weka mayai ya kizazi kijacho pembeni, kisha vuna. Usingoje sana, mkubwa anaishi wiki chache tu, na anayekufa mwenyewe haliwi.

Siku moja kabla, toa chakula chote, acha maji tu, tumbo lisafike. Kesho yake kung'uta trei juu ya ndoo. Watie kwenye mfuko safi, weka kwenye friza usiku mmoja. Kama huna friza, nenda moja kwa moja kwenye maji yanayochemka.

Kinyesi kilichobaki usitupe. Ni mbolea nzuri ya matembele yaleyale unayowalisha.

Hatua ya 9: Kupika

Osha mara tatu. Chemsha dakika 5 nzima tangu maji yarudie kutokota, kisha chuja. Ng'oa miguu ya nyuma na mabawa: miguu ina miiba inayokwaruza koo, watoto ndio wanaoumia.

Kwa nusu kilo, kaanga kwanza bila mafuta kwenye moto mdogo, ukigeuza, hadi wakauke na uanze kusikia sauti kama ya karanga. Hapo tia mafuta vijiko viwili, kitunguu, chumvi, pilipili ya kusaga. Epua, kamulia ndimu. Kwa mkate au muhogo wa kuchemsha, chai ya rangi pembeni. Anayeona haya kula mdudu mzima, tia hao hao kwenye mchuzi mzito wa nazi kama unavyofanya dagaa wakavu. Shangazi yangu alianzia hapo, akaomba kuongezewa kabla hajauliza ni nini. Nilimwambia palepale, alinisuta, na bado najutia kutomwambia mwanzo.

Unga: kausha kwa moto mdogo sana hadi nyenje avunjike kwa vidole kwa sauti, twanga, chekecha. Kijiko kimoja kwenye uji wa mtoto mkubwa, au kwenye unga wa bajia. Usianike juu ya bati ukategemea jua peke yake. Upepo wa bahari unarudisha unyevu jioni na nzi wanafika kabla yako. Hifadhi kwenye chupa inayofunga vizuri.

Onyo: waliochemshwa wasilale nje. Kuchemsha huua vijidudu vingi, lakini vipo vinavyobaki na kuamka chakula kikipoa. Kula siku hiyohiyo, au kausha, au gandisha.

Ukitaka kuuza kwenye pakiti, nenda TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwanza. Usajili wa vyakula uko kwao tangu 2019.

Yakienda kombo

*Wote wamekufa kwa usiku mmoja.* Ni dawa. Fikiria ya mbu, ya mchicha, ya chandarua, au ya jirani aliyepulizia mende. Osha kila kitu, tupa trei, anza upya.

*Wanakufa mmojammoja, wamelowa.* Maji. Rudi hatua ya 5.

*Mayai hayaanguliwi.* Yalikauka, au yalizama, au uliwatoa majike mapema hawajaanza kutaga. Fukua uone: yai zima ni nono, lililokufa limenywea au limeota ukungu.

*Miguu na mabawa yametapakaa chini.* Wanalana. Wamebanana, au chakula ni pumba tupu. Ongeza trei na unga wa dagaa.

*Vidudu vidogo kama vumbi linalotembea.* Utitiri, dalili ya unyevu na chakula kilichooza. Hamisha nyenje bila trei za zamani, choma trei, anika diaba juani siku nzima.

*Mijusi.* Mmoja akiingia anashiba kila usiku na hutamwona mchana. Ziba pembe za wavu, inua trei moja moja umtafute.

*Majirani wanalalamikia kelele.* Wanaolia ni madume wenye mabawa, hivyo kelele ni za wiki mbili tatu kwa kila kizazi. Punguza madume mara mayai yakishapatikana. Waanze wao kuingia kwenye kikaango, majike wafuate.